Kabla ya kugawa mashine za masikio, ulizeni spea

Kwa waheshimiwa mnaopanga bajeti za afya na elimu maalum katika kaunti zetu za magharibi, kuanzia Kisumu hadi Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia, na kwa wote mnaoandaa siku za kugawa vifaa kwa watu wenye ulemavu.

Salamu kwenu.

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Kondele. Nina binti wa miaka minane anayevaa mashine za masikio pande zote mbili. Mama yangu mzazi, anayekaa Luanda ya Vihiga, naye anavaa. Nyumba yetu basi ina mashine nne za aina mbili, na kwa zaidi ya miaka minne nimekuwa nikizitafutia betri, mirija, vichujio na vikofia vya mpira kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mchangani. Naandika kwa sababu nimechoka kuona mashine nzima nzima zikilala kabatini kwa kukosa kitu kinachoenea kwenye ncha ya kidole.

Waheshimiwa, hapa Kisumu hakuna mtu anayenunua gari kabla hajauliza spea. Mbona Probox zimejaa barabara ya Kakamega? Ni kwa sababu ukiharibikiwa Chavakali, spea utaipata Chavakali, na fundi wa kuifunga utampata hapo hapo. Swali hilo la kwanza kabisa la mnunuzi wa gari ndilo sijawahi kusikia likiulizwa mashine za masikio zinapoagizwa au kupokelewa kama msaada. Zikishagawiwa, picha zinapigwa, watu wanapiga makofi, halafu kila mzazi anarudi kwake na boksi lake.

Binti yangu alipata zake akiwa na miaka mitatu na nusu. Siku hiyo sitaisahau. Mtaalamu aliziwasha, akaniambia nisimame nyuma ya mtoto nimwite kwa sauti ya kawaida. Nikaita. Akageuka. Mke wangu alilazimika kutoka nje. Tukarudi nyumbani na mashine mbili na pakiti moja ya betri sita, na hakuna aliyetuambia betri hizo zinaitwaje wala zikiisha tuende wapi. Pakiti yenyewe niliitupa.

Wiki ya sita betri zikaisha. Mimi nilijiona najua betri, ndiyo kazi yangu. Nikaipima ile iliyokufa: upana milimita 11.6, unene milimita 5.4. Nikafungua droo, nikakuta betri za saa na vikokotoo, zile za LR44, zenye vipimo hivyo hivyo. Ikaingia na kifuniko kikafunga vizuri kabisa. Mashine ikawaka. Nikamvisha mtoto nikijua nimemaliza.

Siku ya tatu akaanza kuzivua. Namvisha, anavua. Namvisha tena, anazitupa chini ya kitanda. Nikamgombeza. Nilimgombeza mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuwa na maneno ya kuniambia kwamba sauti imepotea. Hilo bado linanikaa rohoni.

Betri ya mashine ya sikio ni ya zinki inayovuta hewa. Mgongoni ina vitundu vidogo vilivyozibwa kwa kibandiko, na ukikibandua hewa inaingia ndipo inaanza kufanya kazi. Kwa kuwa sehemu ya nguvu yake inatokana na hewa ya nje, nafasi karibu yote ya ndani imejazwa zinki, kwa hiyo inabeba nguvu zaidi ya mara nne ya ile LR44 ya ukubwa ule ule. Tena umeme wake unakaa palepale hadi karibu na mwisho, ilhali LR44 inashuka kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Mashine ya mtoto mwenye tatizo kubwa la kusikia inakula umeme mwingi. Betri ya saa haiwezi kuilisha, hata kama imekaa ndani yake vizuri namna gani.

Mambo haya niliyajua baada ya kuhangaika, wakati yangetosha kwenye karatasi moja. Dunia nzima betri hizi zina namba nne za kawaida na kila namba ina rangi yake ya kibandiko: namba 10 ni manjano, 312 ni kahawia, 13 ni chungwa, 675 ni buluu. Ya binti yangu ni 675. Ukibandua kibandiko, iache wazi dakika moja au zaidi ivute hewa kabla ya kufunga kifuniko. Ukishabandua, kukirudisha hakusaidii, itaendelea kuisha hata ikiwa mezani. Angalia tarehe kwenye pakiti. Usinunue pakiti iliyoning'inizwa juani mbele ya kibanda, maana joto linaimaliza kabla hujaifungua. Na pale penye watoto wadogo, mashine iwe na kifuniko cha betri chenye kufuli, na mtoto akimeza betri apelekwe hospitali saa ile ile, msingoje kuona itakuwaje. Onyo hilo peke yake lilitosha kuandikwa kwa herufi kubwa ndani ya boksi letu.

Sasa niwaambie habari ya mrija, kwa sababu hapo ndipo mtoto wangu alipoteza muhula mzima.

Mashine yake inakaa nyuma ya sikio. Sauti inapita kwenye mrija laini hadi kwenye moldi, kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake mwenyewe. Mrija ukiwa mpya unapinda kama tambi iliyoiva. Jasho na joto vinaufanya mgumu, na ukishakuwa mgumu unajikunja, unaivuta moldi kutoka mahali pake, sauti inavuja na kuirudia maikrofoni. Hapo mashine inapiga mluzi. Wenye kujua kazi wanasema mrija ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Wa binti yangu ulikuwa na mwaka na nusu. Ulikuwa wa manjano kama jino la mzee mvuta tumbaku, na nilipoubonyeza ulipasuka pale unapoingia kwenye moldi.

Darasani mluzi ulisumbua wenzake, mwalimu akamwambia azivue aziweke kwenye begi. Simlaumu mwalimu, ana watoto wengi na hakuna aliyemfundisha. Lakini sisi nyumbani hatukuambiwa. Asubuhi tulimvisha, jioni alirudi amevaa, kumbe katikati ya siku alikaa bila kusikia kitu, wiki baada ya wiki, hadi ripoti ilipokuja ikisema mtoto hana bidii.

Nikajaribu kujitengenezea. Nikanunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa, nikakata, nikachomeka. Mluzi ulizidi. Tundu la mpira wa dripu ni kubwa mno na halishiki, na upana wa tundu ndio unaoamua sauti gani zipite na zipi zipungue. Mrija wa mashine hizi huitwa namba 13, tundu lake milimita 1.93, na unauzwa wenye ukuta mwembamba au mnene. Mashine yenye nguvu kama yake inataka ukuta mnene ili sauti isivuje njiani. Tofauti kati ya mmoja na mwingine ni sehemu ndogo ya milimita, macho hayaioni, lakini sikio linaijua.

Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi kufuata mrija wenye urefu wa kidole. Fundi wa huko aliung'oa ule wa zamani, akausafisha mlango wa moldi, akakata ncha ya mpya kwa mshazari ipite kwa urahisi, akauvuta, akaupima pembeni ya sikio la mtoto, akakata na kuuchomeka kwenye ndoano ya mashine. Dakika kumi hazikufika. Nilisimama pale nikitazama mikono yake na moyo ukaniuma, kwa sababu mimi kila siku natengeneza skrini za simu, kazi ngumu mara kumi kuliko hiyo. Hospitali yoyote ya kaunti ndogo ina muuguzi anayeweza kuifanya akifundishwa asubuhi moja na kupewa roli ya mrija.

Moldi yenyewe ni jambo jingine. Sikio la mtoto linakua. Kwa mtoto mchanga moldi hubana au kulegea ndani ya miezi michache, na kwa mtoto wa shule karibu kila mwaka inahitaji kufinyangwa upya. Ya pili ya binti yangu tulipigwa chapa ya sikio hapa magharibi, ikatumwa mbali, tukangoja wiki kumi na moja. Ilipofika ya kulia ilikuwa tayari inaanza kulegea. Nawaomba muangalie ni nini kinachukua wiki kumi na moja, maana ufinyanzi wenyewe hauchukui muda huo.

Mama yangu naye ana shida za aina yake. Mashine zake alitumiwa na ndugu yangu kutoka Uingereza. Ni ndogo, zina waya mwembamba unaoshuka hadi ndani ya sikio, na mwisho wa waya kuna spika ndogo iliyovikwa kikofia cha mpira. Betri zake ni 312, za kibandiko cha kahawia. Mbele ya ile spika kuna kichujio cha kuzuia nta ya sikio, kidogo kuliko punje ya wimbi. Kichujio kikiziba, mashine inanyamaza kabisa.

Zake zilinyamaza. Mama alidhani zimekufa, akazifunga kwenye leso, akaziweka ndani ya kopo la majani ya chai. Alikaa miezi minne akiitikia "ndiyo, mwanangu" kwa kila tulichosema, na kanisani akisimama wengine wakisimama. Nilipokuja kuzifungua na kutazama kwa kioo cha kukuzia, niliona nta imejaa pale mbele. Kuna kijiti cha plastiki chenye ncha mbili: moja inang'oa kichujio kilichoziba, nyingine inapachika kipya. Ni kazi ya sekunde chache. Lakini kichujio cha kampuni moja hakiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na hata kampuni moja huwa nazo aina zaidi ya moja. Ilibidi ndugu yangu asome namba ya mashine kwenye risiti, aagize huko, atume kwa mtu aliyekuwa akija likizo.

Vikofia navyo vivyo hivyo. Kabla ya hapo mama aliuziwa sokoni vikofia vilivyoonekana sawa kabisa na vyake. Kimoja kilichomoka kikabaki ndani ya sikio, tukaenda hospitali kutolewa kwa koleo. Kikofia lazima kiwe cha aina ya spika ile, cha ukubwa wa sikio lile, na kiwe wazi au kimeziba kulingana na kiwango cha usikivu. Ukimwekea mtu mwenye upungufu mkubwa kikofia chenye matundu, sauti nzito zinatoka nje na mluzi unaanza. Mwenye kuchagua anahitaji kujua mambo manne, na mama yangu hakuambiwa hata moja.

Kuhusu unyevu, nyinyi mnaokaa karibu na ziwa mnaujua. Mvua za Machi hadi Mei, matone yanajikusanya ndani ya mrija na sauti inakatika. Kinachohitajika ni kipuliza cha mpira cha kutoa maji kwenye mrija uliochomolewa, na kopo lenye kifuniko na chembe za silika za kukausha, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Mashine ilazwe humo usiku, betri ikiwa imetolewa, maana silika inaikausha betri pia. Wateja wangu wakitumbukiza simu majini huizika kwenye mchele. Tafadhali, mzazi yeyote anayesoma, mashine ya sikio isizikwe kwenye mchele. Vumbi la mchele linaingia kwenye matundu ya maikrofoni, nasi hatuna mtu wa kuyasafisha.

Wengine mtaniambia suluhisho ni mashine za kuchaji. Zinafaa kwa mtu ambaye vidole vyake haviwezi betri ndogo, na kwa mama ningezipenda. Lakini kila moja ina boksi lake la kuchajia lisiloingiliana na jingine, betri ya ndani huchoka baada ya miaka kadhaa, mara nyingi ikahitaji kurudishwa kwa mtengenezaji, na vijijini kwetu stima ikipotea siku mbili mtoto amekaa siku mbili bila kusikia. Spea bado ni swali. Hata maikrofoni ya kuvaliwa na mwalimu, ambayo ningeitamani sana mvua inapopiga mabati ya darasa saa nane mchana, haina faida ikiwa mashine ya mtoto haiwezi kuipokea. Lazima mtu aulize kabla ya kununua.

Nimepiga hesabu kama mnunuzi. Betri moja ya 675 inamfikisha binti yangu kama wiki mbili. Masikio mawili, mwaka mzima, ni betri 52, yaani pakiti tisa za betri sita. Mimi hununua pakiti kwa shilingi 600 nikizipata, kwa hiyo ni shilingi 5,400 kwa mwaka. Ongeza mirija, ongeza moldi. Kwa mama anayeuza omena Kibuye ni ada ya shule. Kwa bajeti ya kaunti ni pesa ndogo mno ukilinganisha na gharama ya mashine zenyewe, ambazo zimeshalipiwa na sasa zimelala.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vya ulemavu wake. Nimeisoma mara nyingi. Mashine iliyo ndani ya kopo la majani ya chai haimwezeshi mtu kitu. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na ndiyo sababu nawaandikia nyinyi wa hapa karibu.

Naomba mkinunua au mkipokea msaada, mchague aina chache za mashine, mzishikilie kwa miaka, ili spea za mtoto wa Bondo ziwe zile zile za mtoto wa Butere. Msikubali boksi la mashine ishirini za aina ishirini, hata likiwa la bure, bila mleta kueleza spea zitatoka wapi. Betri na mirija viingie kwenye orodha ya bidhaa ambazo hospitali huagiza, pamoja na glavu na bandeji, viwe na mtu anayehesabu vilivyobaki. Na tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, badala ya kugawa mashine mpya peke yake, siku moja tu ya mwaka iwe ya kuleta za zamani: watu watoe zilizo kabatini na chini ya vitanda, zibadilishwe mirija na vichujio, zipimwe. Nina hakika nyingi zitafufuka hapo hapo. Niko tayari kuja na meza yangu, taa yangu na kioo changu, na sitataka malipo.

Jambo la mwisho ndilo la bei nafuu kuliko yote: kila anayepewa mashine apewe kadi, ngumu kama ya kliniki ya watoto, iliyojazwa kwa kalamu na mtaalamu aliyemvisha. Duka litasoma, mwalimu atasoma, na nyanya aliyeachiwa mtoto atasoma. Nimechora moja mwenyewe kwa mfano, na nimeijaza kwa ajili ya binti yangu. Inasomeka hivi:

Aina ya mashine na namba yake: imeandikwa.
Alama nyekundu ni sikio la kulia, alama ya buluu ni la kushoto.
Betri: 675, kibandiko cha buluu, ya zinki na hewa. Isiwekwe ya saa.
Mrija: namba 13, ukuta mnene. Ulibadilishwa mara ya mwisho: Februari.
Moldi: laini, ya silikoni. Chapa ya sikio ilichukuliwa: Agosti mwaka jana.
Ikipiga mluzi: usimvue. Angalia kama moldi imekaa vizuri, kisha mpigie mzazi.
Mahali pa kupata spea hapa Kisumu:

Huo mstari wa mwisho nimeshindwa kuujaza. Nimeuacha wazi kwa ajili yenu.

Wenu kwa heshima,
Mzazi na fundi, Kondele, Kisumu